Mwacheni Kijana Asome Shairi Lake

Ndugu msomaji, tuseme ni Jumapili alasiri hapa Goma. Ibada imekwisha. Wazee wamekaa kwenye benchi kivulini, na vijana wametayarisha nyimbo, teatre na mashairi. Anasimama kijana mmoja mwenye karatasi iliyokunjwa mara nne. Baba yake alikuwa mchimbaji wa koltani huko Masisi. Leo hana tena nguvu ya kuingia shimoni. Kijana anasoma. Shairi lake linauliza: nani anashika mizani wakati kiroba kinapopimwa? Kwa nini aliyeshuka chini ya ardhi analipwa wa mwisho, na aliyebaki juu analipwa wa kwanza? Udongo ukibomoka, nani anaandika majina ya waliobaki ndani? Halafu linawaambia wachimbaji, wabeba mizigo na wasukuma chukudu kwamba mmoja akilalamika peke yake anafukuzwa, lakini wote wakisema pamoja watasikilizwa. Waunde chama chao, wachague wasemaji wao, wadai haki yao.

Vijana wanapiga makofi. Kwenye benchi la wazee ni kimya. Kisha papa mmoja anasema: "Ile ni politike. Kanisa haiko fasi ya politike." Mwenzake anaongeza: "Huyu mutoto atatuletea matata." Na mama mmoja, mwenye kukumbuka mengi, anacheka kwa uchungu: "Ba sendika! Si ni wao walikulaka makuta yetu?"

Kijana anakaa chini. Karatasi inarudi mfukoni.

Ukurasa huu tunauandika kwa kumtetea kijana huyo, na wengine wengi wanaofanana naye katika nyumba zetu. Lakini hatutaki kuwadharau wale wazee watatu, maana kila mmoja amesema neno lenye uzito. Basi tuwajibu mmoja mmoja, kwa heshima.

"Ile ni politike"

Papa, una haki. Shairi lile ni politike. Linasema juu ya mali, juu ya mshahara, juu ya nani mwenye amri. Lakini tuulizane kwanza: je, ni mara ya kwanza sisi Wakongomani kuimba politike?

Ninyi mliokuwa watu wazima wakati wa Zaïre, mnakumbuka vizuri animation. Shuleni, kazini, kwenye viwanja, watu walipangwa kwa safu, wakavalishwa nguo zenye picha ya Mobutu, wakaimba na kucheza kwa kumsifu. Zile zilikuwa mashairi ya politike, tena ya kulazimishwa. Aliyekataa kuimba ndiye aliyeonekana mwenye matata. Siku zile ni wachache waliothubutu kusimama na kusema: "Wimbo si mahali pa politike."

Unaona basi, papa, neno hilo tunalitoa wakati gani? Shairi likimsifu mkubwa, tunasema ni furaha ya taifa. Shairi likimtaja mchimbaji, ndipo tunasema ni politike. Kama tunataka kuwa wa kweli, tutumie kipimo kimoja kwa yote mawili.

Na hayo ambayo kijana ameyauliza, ni nani aliyeyauliza kwanza? Fungua Biblia yako. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inaamuru kibarua maskini alipwe siku ileile, kabla ya jua kutua, kwa sababu anautegemea ule ujira. Nabii Amosi, katika sura ya 8, anawakemea wafanyabiashara wenye mizani ya udanganyifu. Yeremia, sura ya 22, anamlilia ole yule anayejenga nyumba yake kwa kumtumikisha mwenzake bila kumlipa. Na mtume Yakobo, sura ya 5, anasema kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele wenyewe, na kelele zile zimefika kwa Mungu. Kijana wetu hakuongeza kitu kikubwa kupita hapo. Amechukua mizani ya Amosi, akaipeleka kwenye kilima cha koltani.

Hata juu ya sendika, hilo si jambo jipya katika Kanisa. Tarehe 15 Mei 1891, Papa Leo wa 13 alitoa barua yake juu ya hali ya wafanyakazi, Rerum Novarum, akatetea haki ya wafanyakazi kuunda vyama vyao na kupata mshahara unaotosha kumtunza mtu. Mwaka 1981 Yohane Paulo wa 2, katika barua yake juu ya kazi, alirudia haki hiyo kwa nguvu. Kama barua zile zinasomwa kanisani bila hofu, kwa nini shairi la kijana likae mfukoni?

"Atatuletea matata"

Mzee wa pili anaogopa, na woga wake hautoki hewani. Hapa Kivu tumezika watu wengi. Hatutamwambia kwamba hakuna hatari, huo ungekuwa uongo.

Tuchukue mfano wa karibu. Mkesha wa Noeli wa mwaka 1999, Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko wa Bukavu aliwaandikia waamini wake barua. Alisema wazi juu ya mali ya nchi iliyokuwa ikinyang'anywa na mateso ya raia. Mwezi wa Februari 2000 waasi waliokuwa wakitawala wakati ule walimzuia kurudi Bukavu. Ikambidi akae Butembo miezi saba. Alirudi Septemba, na mwanzoni mwa Oktoba mwaka uleule akafariki huko Roma. Barua yake haikuwa na bunduki. Ilikuwa na maneno tu.

Kwa jirani zetu wa Kenya, kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliandika mwaka 1968 karatasi ya kuuliza nchi yake inaelekea wapi. Alihukumiwa kifungo, akakaa miaka mitatu gerezani, sehemu kubwa akiwa peke yake. Mle ndani aliandika mashairi juu ya karatasi za chooni, yakatolewa nje kwa siri. Mwaka 1973 yakachapishwa kama kitabu, Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 kitabu hicho kikapewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga mwandishi.

Na kuna mfano unaofanana zaidi na kijana wetu. Mwaka 1981 Alamin Mazrui, mwalimu wa chuo kikuu Kenya, alitoa mchezo wa kuigiza kwa Kiswahili, Kilio cha Haki. Unasimulia wafanyakazi wa shamba la tajiri mmoja wanaojipanga kudai haki yao, na anayewaongoza ni mwanamke, Lanina. Mwaka 1982 Mazrui alikamatwa akawekwa kizuizini bila kesi, akatoka mwaka 1983. Huko kizuizini naye alitunga mashairi; yalichapishwa mwaka 1988 kwa jina Chembe cha Moyo.

Kwa hiyo mzee, tunakubali: maneno yana gharama. Lakini tuulize pia upande wa pili. Kunyamaza kuna gharama gani? Jibu tunalo katika historia ya nchi yetu wenyewe, tena katika mji wa migodi.

Lubumbashi, Desemba 1941

Wakati ule Lubumbashi uliitwa Élisabethville, na kampuni kubwa ya shaba ilikuwa Union Minière. Ilikuwa vita kuu ya pili ya dunia. Shaba ilihitajiwa sana, kazi iliongezwa, bei za vitu sokoni zilipanda, na mshahara wa mfanyakazi mweusi haukuzifuata. Wafanyakazi wazungu walikuwa na nafasi ya kujipanga na kudai nyongeza. Wafanyakazi weusi hawakuruhusiwa kuwa na sendika. Hawakuwa na mahali pa kuandika malalamiko yao, wala mjumbe anayetambuliwa na sheria.

Mwezi wa Desemba 1941 waliacha kazi. Tarehe 9 wengi wao walikuwa wamekusanyika katika kiwanja cha mpira. Msemaji wao alikuwa karani mmoja, Léonard Mpoyi. Gavana wa Katanga alikuja pamoja na askari. Watu hawakutaka kutawanyika bila jibu. Askari wakapiga risasi. Mpoyi aliuawa, na pamoja naye makumi ya wengine. Waliokufa walikuwa wangapi? Hesabu zinatofautiana mpaka leo, maana waliokuwa na kalamu hawakuwa na haraka ya kuandika majina.

Ndugu msomaji, angalia vizuri. Hakuna shairi lililowapeleka watu wale kiwanjani. Walipelekwa na tumbo. Damu ilimwagika mahali ambapo neno la mfanyakazi lilikuwa limefungiwa kila mlango: hakuna chama, hakuna gazeti, hakuna mjumbe. Baadaye, mwaka 1946, serikali ya Wabelgiji yenyewe iliruhusu sendika za Waafrika, kwa masharti mengi. Ilikuwa imetambua kwamba watu wasiposikilizwa mezani, watakutana kiwanjani.

Na nani aliyelinda kumbukumbu ya siku ile? Si kampuni. Ni watu wa chini, kwa kazi ya mikono yao. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu wa Katanga, aliyezaliwa miaka kadhaa baada ya mauaji, aliyachora katika miaka ya 1970 pamoja na picha nyingine za historia ya Kongo. Mwaka 1965 chama cha watumishi wa nyumbani wa mji uleule kilikuwa kimetoa kitabu chao kidogo cha historia ya mji, kilichoandikwa na André Yav kwa Kiswahili chao cha kila siku. Maboi na wapishi! Waliandika kwa sababu walijua: usipojiandika, mwingine atakuandika anavyotaka, au hatakuandika kabisa.

Hii ndiyo kazi ya kwanza ya shairi kama la kijana wetu. Linaandika jina pale ambapo daftari la mwenye mali halikuliandika. Mzee wetu anaogopa matata. Matata yako tayari, chini ya udongo ulioporomoka. Shairi linayataja tu.

"Si ni wao walikulaka makuta yetu?"

Sasa tumfikie mama. Neno lake ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu ni kweli.

Mwaka 1967 serikali ya Mobutu iliunganisha sendika zote kuwa moja, ile iliyokuja kuitwa UNTZa. Ikawa mkono wa chama tawala, MPR. Mfanyakazi alikatwa mchango, na sendika ikafundisha utii kwa mkubwa. Ni baada ya hotuba ya Mobutu ya 24 Aprili 1990 ndipo sendika nyingi ziliweza kuzaliwa tena. Kwa hiyo mama anapocheka kwa uchungu, anacheka kwa sababu aliona.

Lakini mama, nini kilikula makuta yako? Ni umoja wa wafanyakazi, au ni kukosekana kwake? Sendika ile haikuchaguliwa na ninyi, haikuwapa hesabu, hamkuweza kuiondoa. Mchungaji akiiba sadaka, hatufungi kanisa; tunadai hesabu. Tena shairi la kweli juu ya sendika halimkemei tajiri peke yake. Linamwambia na mjumbe wa wafanyakazi: na wewe tunakuangalia.

Kuna jambo lingine ambalo vijana wanapaswa kulijua. Wazee wanaikumbuka SOMINKI, kampuni iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni za bati za Kivu na Maniema. Mfanyakazi wake alikuwa na jina katika orodha na mshahara wa mwezi. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka duniani, na kampuni ikadhoofika mpaka ikamalizika katika miaka ya 1990. Tangu mwaka 1982 sheria ilikuwa imewafungulia raia njia ya kuchimba kwa mikono. Basi kazi ikabaki, mkataba ukaondoka.

Leo mchimbaji wa Masisi au Walikale kwa kawaida hana mshahara. Anafanya kazi chini ya PDG, mwenye shimo. PDG huyo, au mnunuzi aliye nyuma yake, anatoa chakula na vifaa. Madini yakitoka, zinakatwa gharama, zinakatwa kodi na michango ya aina aina, na mchimbaji anapata kinachobaki. Mara nyingine kinachobaki ni deni. Ukimuuliza bosi wako ni nani, atakuonyesha watu watano, na kila mmoja atasema si yeye.

Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inataka mchimbaji wa mikono awe katika koperative. Ni vizuri. Lakini koperative na sendika si kitu kimoja. Koperative ni ya kuchimba na kuuza pamoja. Ndani yake mwenye shimo na mchimbaji wake wanaweza kukaa wote wawili, na sauti ya mwenye shimo ndiyo nene. Sendika ni ya kumtetea anayefanya kazi. Mchimbaji akidhulumiwa na mkubwa wa koperative yake mwenyewe, atamlilia nani?

Na haki hiyo hatuombi kama sadaka. Katiba ya 18 Februari 2006 inamruhusu raia kutoa mawazo yake katika kifungu cha 23. Kifungu cha 38 kinatambua uhuru wa sendika. Kifungu cha 39 kinatambua haki ya mgomo kwa kufuata sheria. Kijana wetu, bila kuvitaja vifungu hivyo, ameviweka katika maneno ambayo baba yake anaweza kuyaimba. Wachimbaji wangapi wamesoma Katiba? Lakini shairi linaingia sikioni, linabaki kichwani, linashuka hata shimoni.

Namna ya kulipima shairi

Hatusemi kila shairi lenye hasira ni shairi zuri. Kuna maneno yanayowasha moto katika nchi ambayo imeungua vya kutosha. Mzazi anapaswa kupima, na kijana anayeandika naye ajipime. Tunapendekeza maswali manne.

La kwanza: je, ni kweli? Kama shairi linasema mizani inadanganya, mtunzi amesikia kwa waliopimiwa, au amekisia? Kabla ya kulisoma mbele ya watu, amsomee mchimbaji mmoja. Akisema "ndiyo, ni hivyo," asome. Akisema "hapana, umeongeza," afute.

La pili: je, linakemea tendo au linachukia kabila? Hapa kwetu hili ni la kufa na kupona. Mara mshairi anapoacha kusema "mizani hii" na kuanza kusema "watu wale," amewasaliti wafanyakazi wenyewe, kwa sababu shimoni wanashuka watu wa kila lugha, na udongo ukibomoka hauulizi mtu anatoka wapi.

La tatu: je, linaita watu kukaa pamoja, au kumwaga damu? Chama, mkutano, barua, mjumbe, mgomo wa halali, hizo ni njia za mtu anayetaka kuishi na jirani yake kesho. Panga si njia.

La nne: je, mtunzi anajiweka mwenyewe ndani? Ni rahisi kumkemea tajiri wa mbali. Lakini kijana anayemtumikisha mdogo wake nyumbani, au mama anayemkopa msichana wa kazi mshahara wa miezi mitatu, asijifiche nyuma ya shairi la koltani.

Ukirudi kwenye karatasi ya kijana wetu, utaona imepita katika maswali matatu ya kwanza. Imeuliza juu ya mizani, malipo na majina. Haikutaja kabila. Imewaita watu kuunda chama. La nne amwulize mwenyewe, akiwa peke yake.

Kidole kimoja hakivunji chawa

Methali hiyo kila mtoto wa hapa anaijua, na hakuna aliyewahi kuambiwa kwamba ni politike. Lakini ndilo shairi fupi kuliko yote juu ya sendika.

Basi wazee wetu, papa na mama, tunawaomba: kijana akisimama tena Jumapili ijayo, msimkalishe. Msikilizeni mpaka mwisho. Kisha mwambieni mliyoyaona ninyi: sendika iliyouzwa, miaka ya kuimba kwa kulazimishwa, majirani waliokwenda machimboni wasirudi. Shairi lake litakuwa na nguvu zaidi likibeba kumbukumbu zenu. Na wewe kijana, usiwaone wazee kuwa waoga. Woga wao ni hesabu ya watu waliowazika. Uichukue hesabu hiyo, uiandike.

Na yule baba aliyemaliza nguvu zake shimoni, siku ile alikaa wapi? Labda alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango. Labda ilikuwa mara ya kwanza kusikia kazi yake ikitajwa kanisani, mbele ya watu, bila yeye kuona haya. Kwa ajili yake tu, ile karatasi itoke tena mfukoni.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Katika familia yetu, nani amefanya kazi bila kulipwa alichoahidiwa? Je, tumewahi kumsikiliza mpaka mwisho?

2. Nyumbani kwetu tuna mtu anayetufanyia kazi? Analipwa lini, na kiasi gani?

3. Tukumbuke nyimbo za animation au nyimbo nyingine za kusifu wakubwa. Zilisema nini juu ya wafanyakazi?

4. Kama kijana wetu angeandika shairi juu ya kazi ya baba au mama yake, angeanza na neno gani?